Jina la Baba Mkwe Kwenye Mpaka wa Songwe

Tangu turudi, kila nikitoka kanisani kuna mtu ananishika kiwiko na kuuliza: ni kweli mlizuiliwa mpakani? Ni kweli wewe Mwalimu ulishukiwa kwamba unauza watu? Nimeeleza nusu nusu, huyu kipande na yule kipande, na sasa nasikia huko Kihesa wanasema nililala mahabusu. Sikulala mahabusu. Nimekaa chini niandike yote kwa mara moja, na mwenye swali asome kwanza.

Mwenzangu safarini alikuwa wifi yangu Atupele, mke wa kaka yangu Kastori. Ni Mnyakyusa wa Kyela, aliolewa kwetu Iringa miaka thelathini na minne iliyopita. Dada yake Tusekile aliolewa ng'ambo ya mpaka, Karonga, nchini Malawi, na walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa, tangu wamzike mama yao. Mwaka huu dada akaanza kupoteza macho. Ni presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwisha hakirudi na kilichobaki kinapungua. Akampigia Atupele simu akamwambia, "Sauti yako ninayo kila Jumapili. Sasa nataka sura. Njoo kabla macho hayajafunga."

Basi safari ilikuwa hiyo. Mambo ya kutafuta pasipoti nayaruka, mngesinzia. Jueni tu kwamba kila ofisi tuliyoingia nilizungumza mimi, na wifi alitia sahihi.

Iringa hadi kwenye magogo

Tuliondoka stendi ya Igumbilo asubuhi, baridi ikituuma masikio. Wifi alikuwa na begi moja la nguo na mizigo mitatu isiyo ya nguo: maharage, unga wa ulezi, na kikapu cha nyasi za milulu kilichojaa uyoga mkavu. Nilimwambia Karonga wanalima maharage. Akasema anajua, lakini hawezi kuingia kwa dada yake mikono mitupu baada ya miaka kumi na tisa. Hata mimi ningebeba.

Mimi nilikuwa na mkoba. Ndani yake kulikuwa na pasipoti zetu zote mbili, kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano, karatasi yenye anwani na simu ya dada Tusekile, na tarehe ya kurudi nimeiandika kwa wino mwekundu. Mnanijua. Nimefundisha miaka thelathini na saba, sijawahi kumpeleka mtoto kwenye mtihani bila kalamu ya akiba.

Tulipopita Mafinga, hata Makambako hatujafika, basi likasimama. Mbele yetu lori la magogo lilikuwa limelala ubavu, na magogo yamesambaa barabara nzima. Hakuna aliyeumia, dereva wake alikuwa amekaa juu ya gogo anakula muhogo. Tukaambiwa tusubiri mashine ya kunyanyulia. Tulisubiri saa tatu.

Saa tatu ni vipindi vinne na mapumziko, na mimi siwezi kuona vipindi vinne vinapotea. Nikamgeukia wifi tufanye mazoezi. Nikamuuliza anakwenda Malawi kufanya nini, akajibu matembezi. Siku ngapi? Siku kumi. Anafikia wapi? Kwa dada yake wa tumbo moja, Karonga. Anarudi lini? Akataja tarehe. Tukarudia mara ya pili, ya tatu, mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe bila kufikiri. Nilifurahi kweli.

Kiti cha nyuma alikaa mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akaingilia. Akasema tunajisumbua bure, Mtanzania haombi viza Malawi wala Zambia, unaingia tu kama unavyoingia Makambako sokoni. Nikamwambia kutotakiwa viza siyo kutotakiwa kitu. Viza ni mlango mmoja tu umeondolewa, nyumba bado ina mwenyewe. Watataka pasipoti iliyobakiza miezi sita na ukurasa mweupe wa kugonga muhuri, watataka kadi ya chanjo, watataka kujua unakwenda kwa nani, utakula nini ukiwa huko na utatoka lini. Na siku wanazokupa ni zao, siyo zako, ukizidisha utajieleza.

Mzee akatikisa kichwa, akasema hayo yote yeye hajawahi kuulizwa. Nikamuuliza amekwenda mara ngapi. Akakohoa, akasema aliyekwenda ni shemeji yake. Basi zima lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akatugawia mahindi ya kuchoma aliyonunua kwa akina mama waliokuwa wameshafika na majiko yao pale pale kwenye foleni.

Nilimuuliza wifi kila kitu siku ile pale kwenye magogo. Jina lake sikumuuliza. Nani anamfundisha mtu mzima jina lake?

Chimala, halafu Uyole

Chimala tulifika njaa imekuwa mtu wa tatu. Tukala wali na maharage, na wifi akanunua mchele wa kuongeza kwenye mizigo. Nikamkumbusha kwamba tunakwenda njia ya Kyela, kwenye mchele wenye sifa Tanzania nzima. Akasema huo wa Kyela dada ameuzoea. Mzigo wa nne ukaingia kwenye basi.

Kaka Kastori akapiga simu. Nikadhani anauliza tumefika wapi, kumbe anauliza chumvi iko wapi. Wifi akamwelekeza kwa utaratibu: rafu ya chini, nyuma ya kile cha kupepetea. Watu wa kwetu mmeshazoea, lakini abiria wa pembeni aliinua macho. Kile cha kupepetea ni ungo. Atupele hajawahi kusema neno ungo tangu aingie nyumbani kwetu, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Uyole tukalala kwenye nyumba ya wageni yenye mablanketi mazito. Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na sisi tukapanda gari la kuelekea Tukuyu.

Tukuyu hadi Kasumulu

Tukuyu ilinyesha, na sitapoteza karatasi kueleza, maana Tukuyu hunyesha. Jambo la kueleza ni wifi. Kuanzia pale alibadilika. Alianza kusalimia watu dirishani, ndaga huku, ndaga kule, akashusha bei ya ndizi kwa Kinyakyusa, akamtania kondakta mpaka kondakta akampisha kiti cha mbele. Mimi, niliyezoea kuwa msemaji wa safari, nilikaa na mkoba wangu mapajani nikiuliza kila dakika, wamesema nini, wamesema nini. Alinitafsiria theluthi moja hivi, na nadhani theluthi zilizobaki zilinihusu.

Kadiri tulivyoteremka joto liliongezeka, tukavua masweta, tukapita watu wameanika kokoa kando ya nyumba. Wifi akaacha kusalimia watu. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema anawaza kama dada ataona kwamba ana mvi, au atakuwa haoni rangi.

Kasumulu upande wetu mambo yalikwenda vizuri mno. Afisa alituita mama na mama, akagonga mihuri ya kutoka, akatutakia safari njema. Mezani kwa watu wa afya kadi ya chanjo ya wifi ilionekana mara moja. Yangu mimi haikuonekana. Mimi niliyemhubiria mzee wa mbao nilimwaga mkoba wote mezani, hadi rozari na vidonge vya kiungulia, ndipo nikakumbuka nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Wifi alitazama pembeni kwa heshima, lakini mabega yalikuwa yanamcheza. Tukavuka daraja la Songwe kwa miguu, mizigo imetangulia kwenye baiskeli.

Dirishani

Upande wa Malawi tulimkuta afisa kijana, shati limenyooka, mpole. Kwao ni kusini kabisa mwa nchi yao, na Kiswahili alikuwa amejifunza pale pale mpakani. Alinigongea mimi kwanza, siku thelathini, karibu Malawi. Halafu akafungua pasipoti ya wifi na kumwomba ataje jina lake kamili.

"Atupele," akasema wifi.

Atupele nani? Kimya. Akauliza tena, polepole, akidhani hajasikia. Wifi akainamisha macho na kuvuta ncha ya kitenge mpaka mdomoni. Mimi, kwa mazoea, nikajibu kwa niaba yake. Afisa akasema hajaniuliza mimi.

Hapa nisimame niwaeleze wageni wa jambo hili. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyelelewa kwa mila hamtaji baba mkwe kwa jina wala hakutani naye uso kwa uso, na hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa, ndiyo sababu ya kile cha kupepetea. Wifi alipoolewa aliandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe, na jina hilo ndilo la marehemu baba yangu. Baba alikuwa Mhehe, hakuyajua hayo. Mwanzoni mkwe wake alipomwona anaingia uani akakimbilia jikoni, mzee alidhani anachukiwa, akakaa na huzuni miezi. Alipoelezwa alituita sisi watoto wake sote akasema hajawahi kuheshimiwa namna hiyo na mtu aliyemzaa mwenyewe. Basi kwa miaka thelathini na minne, hospitali, shuleni, kwenye kura, kila jina hilo lilipohitajika alilitaja kaka au nililitaja mimi, bila hata kufikiri. Na hapa sitaliandika, kwa sababu wifi atasomewa maneno haya.

Afisa hakuyajua hayo. Alichokiona ni mwanamke asiyeweza kutaja jina lililo kwenye pasipoti anayosema ni yake. Kwenye picha amesuka, mbele yake amenyoa. Akaamua kumjaribu kwa maswali mengine. Unakwenda kufanya nini? Wifi, kwa shukrani ya kuulizwa kitu anachokiweza, akajibu yote kwa mkupuo mmoja: matembezi, siku kumi, dada yangu wa tumbo moja, Karonga, na tarehe. Hilo la tarehe alikuwa hata hajaulizwa.

Afisa akaweka kalamu chini. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akauliza ni nani aliyemfundisha majibu hayo. Nikasema ni mimi, kwa fahari, Mungu anisamehe. Nani anashika karatasi zake? Mimi. Simu ya huyo dada iko wapi? Kwenye mkoba wangu. Je, mtalii gani anabeba maharage, mchele na unga?

Nikajaribu kumweleza habari ya mkwe kwa Kiingereza changu cha darasani. Nikamwambia huyu mama anamwogopa mzee mmoja wa nyumbani kwetu, ndiyo maana hawezi kusema. Akaniuliza huyo mzee yuko wapi sasa. Nikasema amekufa. Akaandika kitu. Nilipoona anaandika nilijua nimeharibu, nikazidi kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuandika.

Akaweka pasipoti ya wifi pembeni na kutuambia tukae kwenye benchi. Akasema kuna watu wanaopitishwa hapo na wenzao bila hiari, na wengine wanapita na pasipoti zisizo zao. Mama akitaja jina lake ataingia, asipotaja atamrudisha. Kwetu tulikuwa tumeshagongewa kutoka, kwao wifi hajagongewa kuingia.

Nilimwinamia wifi nikamwambia alitaje tu, mara moja, kwa sauti ndogo, tuondoke. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Baba ana miaka kumi na miwili kaburini. Nikamwambia mimi ni binti yake, namruhusu. Jamani, nilikasirika. Nikamwambia dada yake anapofuka saa hiyo hiyo huku yeye anaogopa neno.

Hakupandisha sauti. "Wewe ulizaliwa pale, wifi. Mimi nilikuja. Angekuwa hai ningelitaja, halafu ningekwenda kumwomba radhi. Sasa nikilitaja nitamwomba nani?"

Kisha akaanza kunifungulia mizigo, huu ni wa dada, huu wa watoto wa dada. "Nenda wewe, umeshagongewa. Mwambie nilifika mpaka hapa. Akuangalie wewe vizuri, umwambie mimi nimenenepa kidogo kukuzidi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Niliona haya hata ya kumshika mkono, kwa yale niliyoyasema.

Kumbe yule kijana alikuwa amemwita mkubwa wake. Akaja mwanamke mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akasema atazungumza na mama huyu peke yake, na mimi nibaki. Nikasimama, nikafungua mdomo kueleza. Akaniambia, "Wewe kaa." Nikakaa. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo.

Waliingia ofisini kwake, mlango wakauacha wazi. Sikusikia maneno, lakini nilimwona wifi ameinama, halafu nikamwona yule mama anamuuliza kitu kwa lugha nyingine, na wifi akainua kichwa. Yule mama ni Mngonde wa Karonga, na Wangonde na Wanyakyusa wanaelewana bila mkalimani. Walizungumza muda mrefu. Mara moja walicheka, wote wawili, wakinitazama.

Nikaitwa. Yule mama akaniuliza baba yangu anaitwa nani. Nikataja majina yote matatu. Akamgeukia wifi. "Ni huyo?"

Wifi akapiga goti kidogo, macho chini. "Ndiye."

Muhuri ukagongwa. Yule mama akamwambia kijana wake kwamba yeye mwenyewe ameolewa miaka ishirini na kitambulisho chake bado kina jina la baba yake mzazi. Mumewe alinuna mwaka mzima. Alimjibu kwamba afadhali anune, kuliko siku moja asimame mbele ya dirisha kama hili ashindwe kujitaja. Kijana akaomba radhi mpaka ikawa kero, akabeba gunia la maharage mwenyewe hadi nje. Na wala sikumlaumu, maana ningekuwa yeye ningetushuku vilevile.

Mimi nilidhani nimemalizana na mkubwa wake, kumbe bado. Akachukua pasipoti na kadi ya wifi, akamkabidhi mwenyewe mkononi, ndipo akaniambia, "Mwalimu, vitu vya mtu mzima ashike mtu mzima." Nilisema sawa. Ilinichoma, na inanichoma hadi leo, lakini alisema kweli.

Karonga

Tulichukua teksi ya kuchangia, watu sita na kuku. Njia nzima wifi alishika pasipoti yake mkononi, akaifungua na kuifunga. Nilimwomba radhi kwa maneno ya kwenye benchi. Akasema ameshasahau, halafu baada ya kilomita mbili akasema hajasahau ila atasahau.

Dada Tusekile alikuwa amekaa barazani, anatusubiri tangu jana yake kwa sababu ya yale magogo. Ni mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Alisikia lango, akasimama, akanyoosha mikono upande usio sahihi kidogo. Mjukuu wake akaleta chai na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani, na nikategemea vilio na vigelegele kama kwetu. Havikuwepo. Alimshika Atupele mabega, akamsogeza hadi penye jua, akamgeuza huku, akamgeuza huku, kwa sababu anaona kwa jicho moja tu na hilo nalo kwa pembeni. Ilimbidi amtafute usoni kipande kwa kipande, paji la uso, kisha pua, kisha mdomo.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo, dada," akasema Atupele. "Angalia vizuri."

Akamwangalia mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyethubutu kusema chai inapoa.